Alumini iliyoliwa kwenye ampli, redio na gramafoni za zamani: maswali tunayoulizwa sana Goma

Ampli ya miaka ya 1970 inaweza kuwa na kapasita mpya na sauti safi kabisa, lakini uso wake ukitoka madoa meupe na butoni zikikwaruza vidole, mwenyewe huiona kama imekufa. Majibu haya yanahusu alumini tu: bamba la mbele, butoni, sahani ya gramafoni, radiata za kupoza, kondensa ya stesheni. Kabla ya lolote, chomoa waya ukutani. Ukifungua ampli, pima kapasita kubwa kwa mita. Zikiwa bado na umeme, zimwage taratibu kupitia rezista ya oma 1,000 yenye wati 5. Usizifyatue kwa bisibisi.

Alumini si haipati kutu? Huu unga mweupe unatoka wapi?

Haipati kutu nyekundu, lakini inaliwa. Alumini ikikutana na hewa hujivika papo hapo ngozi ya oksidi, nene kwa sehemu chache tu za milioni za milimita moja. Ngozi hiyo ndiyo kinga yake yote. Inavumilia unyevu wenye pH (kipimo cha asidi na magadi) kati ya 4 na 8.5 hivi, asidi ikizidi inayeyuka, na magadi yakizidi inayeyuka vilevile. Chumvi nayo, hata ile ya jasho, huitoboa mahali padogo na kuchimba kwenda chini. Unga mweupe unaouona ni hidroksidi ya alumini. Unachukua nafasi kubwa kuliko alumini ulikotoka, ndiyo maana unainua rangi na vanishi kutoka chini.

Mbona vifaa vyetu huliwa haraka?

Kwa sababu tunaishi chini ya volkano ya Nyiragongo. Moshi wake una dioksidi ya salfa, kloridi ya hidrojeni na floridi ya hidrojeni. Vikikutana na mvua au umande vinakuwa asidi. Upepo hupeleka moshi huo zaidi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake, lakini mjini nako unafika. Halafu kuna vumbi la lava. Ni gumu, lina kingo kali kama kioo kilichosagwa, na likilala juu ya bamba linashika unyevu usiku kucha.

Sababu ya tatu ni vidole. Tazama ampli yoyote ya zamani: butoni ya sauti imeliwa kabla ya ile ya besi, na ile ya besi kabla ya ile ya kuchagua kati ya redio na santuri. Palipoguswa zaidi ndipo palipoliwa zaidi.

Nisafishe kwa maji gani?

Swali hili wengi hawaliulizi, na ndilo linaloharibu kazi nyingi. Maji ya mvua ya paa hapa yana asidi ya volkano. Maji ya Ziwa Kivu yana pH iliyozidi 9 kidogo na madini mengi, na sehemu kubwa ya maji ya bomba mjini hutoka humo. Kwa kuosha kwa haraka maji ya bomba hayana shida, lakini yakikaukia juu ya alumini yanaacha pete nyeupe. Kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea kwenye batri za gari. Kuwa makini dukani: watu husema "maji ya batri" kwa maji hayo na kwa asidi yenyewe. Soma chupa, kama haina karatasi, iache. Lita moja inatosha bamba moja na butoni zake zote.

Nitajuaje kama alumini yangu ina anodi?

Hili ndilo la kuamua kabla hujashika msasa, kwa sababu kila hatua inayofuata inalitegemea. Anodi ni oksidi nene iliyooteshwa kiwandani kwa umeme, kwa kawaida mikromita 5 hadi 25, mara nyingine ikiwa na rangi ya dhahabu au nyeusi ndani yake. Haipitishi umeme. Weka mita kwenye oma, gusa kwa ulaini sehemu mbili zilizofichika, kama ukingo wa bamba unaoingia ndani ya sanduku. Mita ikikaa bila kusoma, kuna anodi au vanishi. Ikisoma karibu na sifuri, ni alumini tupu. Usikandamize ncha, maana inaweza kutoboa anodi na kukudanganya.

Kutofautisha anodi na vanishi, gusa mahali hapohapo kwa kijiti cha pamba chenye asetoni. Vanishi nyingi hulainika na kunata, anodi haijali. Asetoni isifike kwenye maandishi wala plastiki.

Pima pia uzito kwa mkono. Sehemu inayoonekana kama alumini lakini ni nzito ajabu yaweza kuwa aloi ya zinki, ambayo ina uzito zaidi ya mara mbili ya alumini kwa ukubwa uleule. Antena ya kuvuta nayo mara nyingi ni shaba ya njano iliyopakwa kromu: ikibanduka utaona njano chini. Mambo ya humu hayaihusu.

Hatua za kwanza ni zipi?

Piga picha kila upande, na za bamba zichukue kwa mwanga wa pembeni ili maandishi yaonekane vizuri. Toa butoni. Zenye skrubu ndogo ya pembeni hutaka ufunguo wa pembe sita wa milimita 1.5 au 2, au bisibisi bapa nyembamba. Nyingine huvutwa tu. Ikigoma, pitisha utepe wa kitambaa nyuma yake, shika ncha mbili, vuta sawasawa. Bisibisi ya kubenulia inayoegemea bamba huacha kovu ambalo halitafichika.

Toa vumbi kwanza kwa brashi laini ya rangi huku ukipuliza. Usipanguse kikavu, kwa sababu vumbi la lava chini ya kitambaa ni msasa. Kisha maji ya vuguvugu, nusu lita, na matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya vyombo. Tumia kitambaa cha pamba kilichokamuliwa kwenye bamba, mswaki laini kwenye meno ya butoni. Suuza, malizia kwa maji yaliyotoneshwa, kausha mara moja. Sehemu kubwa ya "kuliwa" huondoka hapa, kwa sababu ilikuwa moshi wa sigara, mafuta ya mikono na vumbi vilivyogandana. Subiri siku moja ndipo uamue kama kuna kazi nyingine.

Jivu, sabuni ya unga, javeli, ndimu, sufi ya chuma: kipi kinafaa?

Jivu hung'arisha sufuria, lakini sufuria haina anodi wala maandishi. Jivu ni magadi, pamoja na chembe zinazokwaruza. Sabuni ya unga ya kufulia nayo ni magadi makali; bamba lililolowekwa humo usiku kucha hutoka na ukungu wa kijivu ambao haufutiki, kwa sababu anodi yenyewe imeliwa. Javeli, yaani maji ya klorini ya kung'arisha nguo, ni mbaya maradufu, ina magadi na kloridi pamoja. Sufi ya chuma huacha vipande vidogo ndani ya mikwaruzo, navyo vinashika kutu na kuanzisha shimo jipya.

Ndimu na siki nyeupe zina kazi yake, ila kwa saa mkononi.

Nimeosha, madoa meupe bado yapo kwenye bamba lenye anodi. Nifanyeje?

Changanya siki nyeupe ya asilimia 5 na maji yaliyotoneshwa, nusu kwa nusu. Lowesha kijiti cha pamba, sugua doa lenyewe tu kwa dakika moja, futa kwa maji yaliyotoneshwa, tazama. Rudia mara mbili au tatu, si zaidi. Ukungu wa juu utaondoka na utabaki na vitone vya kijivu. Pitisha ukucha: ukinasa, hilo ni shimo lililovuka anodi na kuingia kwenye alumini yenyewe. Hakuna kimiminika kitakacholijaza.

Hapo sisi husema acha. Paka nta ngumu ya gari isiyo na chembe za kusugulia, safu nyembamba, subiri ikauke, futa. Vitone vinatulia, mwanga hauvirukii tena, na maandishi ya kiwandani yamebaki. Anayechukua msasa kufuta vitone vitano hufuta pia anodi yote na herufi zote, kisha anabaki na bamba jeupe lisilosema wapi pa sauti na wapi pa besi.

Butoni zangu zimeliwa hadi zinakwaruza. Zinaweza kurudi?

Butoni ndiyo sehemu inayolipa kazi vizuri kuliko zote, kwa sababu ni ndogo na ya mviringo. Kwanza tazama ndani. Nyingi ni kofia ya alumini iliyogundishwa juu ya kiini cha plastiki: hizo usizitie kwenye asetoni, soda wala maji yanayochemka. Za alumini tupu ndizo zinazovumilia yote yanayofuata.

Chukua boliti ya milimita 6, izungushie utepe wa karatasi hadi butoni ikae kwa kubana, kisha funga boliti kwenye drili. Vifaa vya Japani na vingi vya Ulaya vina mhimili wa milimita 6. Vya Marekani na Uingereza mara nyingi 6.35, vitahitaji utepe zaidi. Zungusha polepole, karibu mizunguko 500 kwa dakika. Msasa wa maji uwe umelowa. Kama kuna mashimo anza na namba 400, vinginevyo anza na 600, kisha 800, 1000, na 1500 kwa anayetaka mng'ao. Usiruke namba: mikwaruzo ya 400 haiondolewi na 1000, inang'arishwa tu, na utaiona siku butoni itakapokaa chini ya taa.

Kwa uso wa juu wenye duara ndogondogo kama za santuri, kunja msasa wa 600 juu ya kipande cha mbao bapa, ushikilie bila kutikisa, anzia katikati na utoke nje mara moja tu kwa mwendo mmoja. Ukirudi nyuma duara zinakatana na mwanga unavunjika. Meno ya pembeni usiyaguse kwa msasa; mswaki na dawa ya kung'arishia vyatosha. Mstari wa kuonyesha namba ukifutika, jaza rangi ya akriliki kwa kijiti cha meno, acha dakika mbili, pangusa ya ziada kwa kitambaa kilichovutwa bapa.

Anodi ya zamani ikiwa imebaki mabaka, msasa utaikata bila usawa, maana oksidi ni ngumu kuliko alumini. Hapo iondoe yote kwa soda kostiki ya watengeneza sabuni, gramu 50 kwa lita moja ya maji, kwenye ndoo ya plastiki. Mimina soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Glavu, miwani, na uwe nje, kwani hewa inayotoka ni hidrojeni, inashika moto. Mara mapovu yanapopanda kwa wingi, alumini tupu imefikiwa: toa, suuza sana. Kwa kawaida ni dakika moja hadi tatu. Ukisahau butoni humo kwa robo saa, utatoa nyingine iliyokonda. Weusi unaobaki juu yake unatokana na madini mengine ya aloi. Unatoka kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Rangi ya dhahabu, kama ilikuwepo, haitarudi.

Bamba lenye mistari ya kunyoosha nalirudishaje?

Ikiwa tu halina maandishi, au maandishi yamekwisha kabisa. Mistari ile hutoka kwa mkono mmoja usiopinda. Funga bamba juu ya meza, weka rula ndefu ya chuma kama reli, zungushia msasa wa 320 au 400 kwenye mbao iliyonyooka, na vuta kutoka ncha hadi ncha bila kusimama katikati. Ukisimama, panabaki alama. Mwelekeo mmoja tu.

Maandishi mapya hutengenezwa kwa karatasi za kuhamishia kwa maji zilizochapishwa kwa mashine ya leza, kutokana na picha ulizopiga mwanzoni. Zinawekwa juu ya safu ya kwanza ya vanishi na kufunikwa na safu mbili nyingine.

Kuna mistari kama njia za minyoo chini ya vanishi. Ni nini?

Ni kuliwa kunakotambaa kati ya vanishi na alumini, kuanzia kwenye mkwaruzo au ukingo. Nta juu yake haisaidii, kwa sababu unyevu na chumvi viko ndani tayari. Vanishi yote sharti itoke kwa asetoni, mistari isuguliwe kwa msasa wa 800 uliolowa, isuuzwe kwa maji yaliyotoneshwa, ipakwe upya.

Mawe ya redio yamevuja ndani. Nianze wapi?

Jua aina ya mawe. Ya bei ndogo ya zinki na kaboni humwaga kimiminika chenye kloridi na asidi. Paka uji wa bikaboneti ya kuokea mikate kwa dakika mbili, futa. Ya alkali humwaga potashi kali. Hapo ni siki iliyopunguzwa nusu kwa nusu. Ukichanganya dawa na aina isiyo yake unaongeza ubaya. Kisha maji yaliyotoneshwa mara mbili na kukausha. Tazama pia upande wa nyuma wa bamba, maana kimiminika hutambaa kupitia waya.

Redio inakwaruza nikitafuta stesheni. Inahusiana?

Mara nyingi, ndiyo. Fungua utazame kondensa ya stesheni, ule mpangilio wa mabawa membamba yanayoingiana bila kugusana. Kwenye redio nyingi za zamani mabawa hayo ni ya alumini, na nafasi kati ya bawa na bawa ni sehemu ndogo tu ya milimita moja. Unga mweupe au kipande cha vumbi kikikaa hapo, kinaziba nafasi na sauti inapasuka kila ukipita mahali hapo.

Hapa msasa ni marufuku, na karatasi ya kupitisha kati ya mabawa pia. Fungua mabawa yote yatoke nje, tumia brashi laini yenye pombe ya isopropili, puliza hewa, zungusha, rudia. Kisha safisha kile kibanzi cha chuma kinachokandamiza mhimili ili kuupa umeme. Nusu ya mikwaruzo hutokea hapo. Mabawa ya nje yenye mikato yamepindwa makusudi kiwandani ili stesheni zikae kwenye namba zake. Usiyanyooshe.

Skrubu ya chuma imeganda kwenye alumini.

Chuma na alumini vikiwa na unyevu kati yake hufanya batri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Tia tone la mafuta ya kupenya, subiri saa 12 hadi 24, kisha gusisha ncha ya chuma cha kulehemu kwenye kichwa cha skrubu dakika mbili, uache ipoe. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na mwendo huo huvunja ganda. Skrubu za Japani zenye msalaba zina umbo lake. Bisibisi ya kawaida huzitafuna kichwa. Ukirudisha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi.

Sahani ya gramafoni ninaweza kuing'arisha kwa mashine?

Ukingo, ndiyo, kwa mkono mwepesi. Lakini usipunguze upande mmoja zaidi ya mwingine, maana sahani husawazishwa kiwandani, na zenye nukta za kupimia mwendo zikifutwa nukta hizo zimepoteza kazi. Mahali mkanda unapopita pafutwe kwa pombe tu, pasipakwe nta wala dawa ya kung'arisha: mkanda utateleza na muziki utayumba.

Radiata nyeusi za ampli zimetoka unga. Nizioshe?

Brashi na pombe vyatosha. Ukitoa transista, weka mika (kipande chembamba kinachozuia umeme) na grisi mpya ya kupitisha joto, na kabla ya kuwasha pima oma kati ya kasha la transista na radiata: isisome. Anodi nyeusi isitegemewe kuzuia umeme, mkwaruzo mmoja unatosha kuunguza ampli.

Naweza kutia anodi mpya nyumbani?

Kwa butoni, inawezekana. Asidi ya batri yenye uzito 1.28, lita moja, imiminwe polepole ndani ya lita moja na nusu ya maji yaliyotoneshwa, kamwe si kinyume. Iache ipoe hadi nyuzi 20 hivi. Butoni ining'inie kwa waya wa alumini uliobana, iunganishwe kwenye chanya. Hasi iwe bamba la risasi. Waya wa shaba usiguse asidi. Batri ya volti 12 inatosha, lakini dhibiti mkondo: ampea 1.2 hadi 1.5 kwa kila desimeta mraba. Butoni ya kipenyo cha sentimeta 3 na urefu wa 2 ina karibu theluthi moja ya desimeta mraba kwa nje, basi ampea 0.4 hivi. Dakika 45 hutoa mikromita 15 na zaidi.

Mwishoni anodi hufungwa vinyweleo vyake kwa maji yaliyotoneshwa yanayochemka. Vitabu vinataka karibu nyuzi 100, lakini Goma, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95. Chemsha saa moja badala ya nusu saa, kwenye sufuria ya enameli. Usipofunga vizuri, butoni itashika kila doa la kidole.

Alumini ya kumiminwa, yenye silikoni nyingi, hutoka kijivu chenye mabaka. Hiyo usiitie anodi.

Nta au vanishi?

Penye anodi, nta. Kwa alumini tupu inayoguswa kila siku, vanishi ya akriliki ya kupuliza: futa mafuta kwa isopropili, usiguse tena kwa kidole, puliza safu tatu nyembamba kutoka sentimeta 20 hadi 25, dakika 10 kati ya safu na safu. Fanya kazi hiyo mchana mkavu, na Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Jioni ya mvua vanishi hugeuka nyeupe kama maziwa, kwa sababu kimiminika chake kikiruka hupoza uso na umande unaingia ndani. Ikitokea, subiri siku kavu, puliza safu nyepesi juu yake. Mara nyingi weupe hutoweka. Ipe siku mbili kabla ya kufunga butoni.

Nikimaliza, niihifadhi vipi?

Mbali na dirisha la upande wa volkano, sentimeta 10 kutoka ukutani, chini ya kitambaa cha pamba na si mfuko wa plastiki, kwani plastiki hufunga unyevu ndani. Iwashe saa moja kila wiki ijipashe joto. Futa butoni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kila mwezi, na nta mpya kila miezi sita.